Shemeji ameniulia giaboksi, mama mkwe anasema ninyamaze

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na hasira ya wiki tatu, kwa hiyo nikikosa adabu mahali unisamehe.

Nina Toyota Premio ya mwaka 2008, ile ya injini ndogo ya 1.5. Nililichukua kwa mkopo wa kazini na mpaka leo nakatwa. Si gari la kujionyesha, lakini ndilo linalopeleka watoto shule na ndilo mke wangu analopakia mzigo wake wa sokoni alfajiri.

Mwezi uliopita tulitakiwa kwenda Njombe kumtolea mahari mdogo wangu. Baba mdogo na mshenga walikuwa wapande kwangu. Nikaona kabla ya safari ndefu namna hiyo gari lifanyiwe sevisi. Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Mke wangu ana binamu yake ambaye ni fundi, ana sehemu yake kwenye gereji bubu moja huku Mbagala, chini ya miembe. Siku zote mama mkwe ananisema kwamba napeleka hela kwa watu baki wakati mtoto wa dada yake yupo. Nikasema basi, safari hii tuwape ndugu.

Nilimpelekea Jumamosi. Kazi tuliyokubaliana: oili ya injini na filta, plagi, kuangalia brekipedi, na kamtetemo kadogo ambako gari lilikuwa nako likisimama kwenye foleni. Jumapili jioni akanipigia: "Shemeji, haidroliki ya giaboksi imekuwa nyeusi kama kahawa. Utakwenda nayo Njombe hii? Nitumie elfu themanini nikuwekee mpya." Nikashukuru kabisa, nikaona huyu ndiye ndugu. Nikamtumia kwa M-Pesa palepale.

Akakaa na gari siku nne. Liliporudi, tanki nililoliacha nusu lilikuwa linawasha taa. Nikanyamaza. Kesho yake asubuhi gari likagoma kuwaka. Kufungua boneti, betri si yangu. Najua si yangu kwa sababu mke wangu aliipaka alama ya rangi ya kucha nyekundu pembeni, baada ya kuibiwa betri mwaka jana. Hii ilikuwa safi haina alama, na imechoka. Nikampigia shemeji, akasema labda vijana wake walichanganya, atafuatilia. Safari ilikuwa keshokutwa, nikanunua betri nyingine, nikanyamaza tena.

Tukaondoka Dar saa kumi alfajiri. Mpaka Chalinze salama. Baada ya Morogoro nikaanza kusikia kama mluzi kwa chini, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Baba mdogo akasema ni upepo wa dirishani. Tukapita Mikumi, Ruaha Mbuyuni tukasimama wazee wakanunua vitunguu, kila mmoja gunia dogo kama vile Njombe hakuna vitunguu. Halafu Kitonga.

Shangazi, sijui kama umewahi kupanda Kitonga nyuma ya malori. Kona ya pili tu gari likaanza kushtuka. Nakanyaga, mshale wa RPM unakwenda mpaka elfu nne, injini inalia, gari linatambaa kama kobe. Halafu likakataa kabisa. Upande wa bonde sitazami, nyuma yangu lori la mafuta linapiga honi. Wazee wakashuka, mshenga na kanzu yake, wakaanza kupanda mlima kwa miguu huku mimi na utingo wa lori tukiweka mawe kwenye matairi.

Kuvutwa mpaka Iringa mjini nililipa 250,000. Njombe tukafika kwa basi, usiku, tulikotarajiwa saa saba mchana. Ukweni wakatupiga faini ya kuchelewa, laki moja, wakasema na hiyo wametuhurumia kwa sababu ya wazee.

Fundi wa Iringa alichungulia kidogo, akaniuliza, "Bosi, hapa uliweka mafuta gani?" Nikasema haidroliki. Akauliza haidroliki ipi. Mimi nitajua wapi? Ila kwenye buti, chini ya vitunguu, kulikuwa na galoni tupu la lita nne ambalo shemeji aliliacha, nadhani kwa ajili ya kubebea maji. Limeandikwa ATF Dexron III. Yule fundi akalishika, akalizungusha, akakaa kimya. Kisha akasema, "Hii gari ni CVT, si automatiki ya kawaida."

Nilipompigia shemeji alinipa majibu matatu kwa siku tatu. Kwanza, kwamba automatiki ni automatiki, zote zinakunywa haidroliki. Pili, kwamba duka ndilo lililompa. Tatu, ambalo ndilo amebaki nalo, kwamba gari lilikuja na ugonjwa wake kutoka Japani. Sasa anasema nipakie gari kwenye lori nilirudishe Dar, ninunue giaboksi ya mtumba Ilala, ambayo nimeulizia naambiwa 1,800,000, halafu yeye atanifungia bure "kwa sababu sisi ni ndugu".

Mke wangu ameumia lakini yuko katikati. Mama mkwe ndiye aliyenipigia, akasema, "Baba, usituvunjie ukoo kwa ajili ya chuma." Wafanyakazi wenzangu wanasema nimpeleke polisi alale ndani siku mbili, hela itatoka yenyewe. Gari mpaka sasa liko Iringa kwa rafiki yangu, Kihesa. Yule fundi wa kule anauliza amwage hayo mafuta aweke sahihi tuone, au aache.

Nimsamehe au nimshtaki? Na je, nikubali hiyo ofa ya kufungiwa bure?

Mimi, mwenye gari lisilokwenda, Mbagala

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na wape pole wazee wote wawili. Mshenga aliyepanda Kitonga kwa miguu na kanzu angelipwa yeye hiyo faini.

Kabla hatujafika kwenye kusamehe na kushtaki, chukua simu umwambie fundi wa Iringa ASIMWAGE. Kisha urudi tuendelee.

Umeshampigia? Haya. Sasa nikwambie kwa nini. Nilikaa miaka mingi dirishani kwa keshia kwenye gereji moja, kazi yangu ikiwa kuandika kadi za kazi na kupokea hela, na nusu ya siku ilikuwa kusikiliza watu wanaolia kama wewe. Karibu wote walikuja na hasira, wachache walikuja na ushahidi. Ushahidi wako wewe umo ndani ya giaboksi hivi sasa. Galoni ni zuri, litunze, lipige picha, usiruhusu mtu alitumie kubebea maji wala dizeli. Lakini galoni peke yake shemeji atalikana. Atasema alilikuta, atasema lilikuwa la gari la mtu mwingine. Mafuta yaliyomo ndani hawezi kuyakana.

Kwa hiyo mwambie fundi wa Iringa afanye hivi, rafiki yako wa Kihesa akiwepo na simu yake ikirekodi: atoe mafuta kidogo, ajaze chupa safi ya maji ya nusu lita, ifungwe, iandikwe tarehe. Baada ya hapo ndipo amwage yote na afungue sampo, ile bakuli ya chini ya giaboksi. Ndani ya sampo kuna sumaku. Sumaku zikiwa na tope laini la kijivu, hiyo ni hali ya kawaida kwa gari lililotembea, usishtuke. Zikiwa na vipande vinavyong'aa, vya kushikika kwa ukucha, basi chuma kimekula chuma na giaboksi hiyo ni ya kuzika. Picha za sumaku zipigwe kabla hazijafutwa. Halafu fundi akuandikie alichokiona kwenye karatasi, na jina lake, na sahihi. Mlipe kwa kazi hiyo, hata kama ni kidogo, ili asije akaitwa rafiki yako.

Na usibishane na mtu kwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta mapya ni rangi tu, imetiwa kiwandani. Nimeona watu wanapigana mashati kwamba haya ni mekundu na yale ya kahawia.

Sasa nikueleze shemeji alichofanya, maana nahisi mpaka leo unajua umeumizwa lakini hujui umeumizwa na nini. Giaboksi ya automatiki ya zamani ina gia zake za kuhesabika na klachi ndani, na haidroliki ya kawaida imetengenezwa kwa ajili hiyo. CVT haina gia. Ina puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, na mkanda wa chuma unaozizunguka. Mkanda huo unabanwa na presha ya mafuta. Sasa mafuta hayo yana kazi mbili ambazo ukizitazama zinapingana: yalainishe, na wakati huohuo yaache chuma kishike chuma bila kuteleza. Ndiyo maana Toyota wana mafuta ya CVT peke yake, yanaitwa TC, na baadaye wakaleta mengine yanaitwa FE. Dexron, ile ya kwenye galoni, ni haidroliki ya kawaida, jamii nyingine kabisa. Ukiyaweka humo, kwenye barabara tambarare kama ile ya Chalinze unaweza usione kitu. Mlimani, na watu ndani, na vitunguu, mkanda unateleza kwenye puli, unazikwaruza, na unga wa chuma unakwenda kuziba njia ndogondogo za mafuta. Ule mluzi baada ya Morogoro haukuwa upepo wa dirishani. Usimwambie baba mdogo kuwa nimesema.

Nitamtetea shemeji kidogo, usinikasirikie. Premio ya kabla ya yako, ile iliyotoka mwaka 2001 hadi 2007, ya injini hiyohiyo ya 1.5, ilikuwa na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Jina lile lile na injini ile ile, ila giaboksi tofauti. Fundi aliyejifunzia kwenye hizo miaka kumi na hakuna aliyemwambia kitu anaweza akakosea kwa moyo mweupe kabisa. Angetazama namba ya chasisi angeona NZT260, yaani toleo jipya, na angejiuliza. Angeendesha gari lako mpaka mwisho wa mtaa angeona mshale haurukiruki kama wa gari linalobadilisha gia. Hakutazama. Huo ni uzembe, na uzembe unalipwa, lakini uzembe haufanani na wizi.

Ndiyo maana mimi katika barua yako yote kilichonisumbua zaidi si giaboksi, ni betri. Giaboksi inaniambia kwamba hajui. Betri inaweza kuniambia kwamba ni mtu wa namna gani, au vijana wake ni wa namna gani na yeye amewafumbia macho. Na mafuta ya tanki kuisha kwa siku nne wakati gari liko gereji! Mtetemo kwenye foleni hata hukuniambia kama aliushughulikia. Nadhani hakuushughulikia, na nadhani ulikuwa mpira wa maunti ya injini, kitu cha mchana mmoja. Umenyamaza mara mbili kabla ya safari kwa sababu ni ndugu. Ungekuwa kwa mtu baki ungepiga kelele kwenye betri, na huenda ungemuuliza na habari ya giaboksi humo humo.

Na wewe una fungu lako. Alipokupigia Jumapili, swali la "mafuta gani?" lilikuwa halali yako kuliuliza. Ungesema, "Nipigie picha kopo kabla hujafungua." Elfu themanini uliyotuma sijui ngapi ilinunua mafuta na ngapi ilikuwa cha juu, na wewe hujui, na pale hapakuwa na risiti. Kwenye magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, aina ya mafuta imepigwa mhuri palepale kwenye kijiti. Anayejua kusoma namba ya basi anaweza kuisoma.

Haya, maswali yako.

Ofa ya kufungiwa bure: usikubali, na gari usilipakie kwenye lori. Ukilirudisha Dar kwake, chupa, sampo, sumaku, vyote vinakuwa mikononi mwa mtu unayemdai, na lori umelipa wewe. Tena angalia hesabu yenyewe. Katika kubadilisha giaboksi, ghali ni giaboksi, ufundi ni sehemu ndogo. Anakupa bure ile sehemu ndogo, unabeba kubwa, na unaambiwa ushukuru. Juu ya hayo atakayeifunga ni yuleyule aliyeweka Dexron. Je, amekwambia safari hii ataweka mafuta gani? Barua yako haisemi. Hilo ndilo ningemuuliza wa kwanza, na majibu yake yangenitosha.

Polisi: kwa giaboksi, hapana. Kazi mbovu uliyoilipia ni madai, si jinai, na askari anayekubali kumlaza mtu ndani ili deni lako lilipwe anakuingiza wewe kwenye matatizo yako mwenyewe. Wenzako kazini hawatakuwepo shemeji akitoka na hadithi hiyo kwenye kikao cha ukoo. Betri ni habari nyingine, nitaifikia.

Mahakama: inawezekana, na usidhani kwa kuwa hamkuandikiana basi huna kitu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na Sheria ya Mikataba inampa haki ya fidia mtu aliyeumia kwa sababu mwenzake hakutimiza mkataba. Una ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe na kiasi. Una kumbukumbu ya simu ya Jumapili. Kama alikutumia sauti za WhatsApp zenye yale majibu matatu, usifute hata moja. Mtu anayebadilisha maelezo mara tatu amekufanyia nusu ya kazi. Madai ya kiasi hiki yanapokewa Mahakama ya Mwanzo, na watu wanakwenda wenyewe na makaratasi yao. Ila faini ya mahari usiipeleke huko. Sheria hiyohiyo inafidia hasara inayotokana moja kwa moja na kosa, au ile ambayo wote wawili mliijua wakati mnakubaliana. Hasara ya mbali haimo. Hakimu atakuuliza shemeji angejuaje kwamba wakwe zako wa Njombe wana mkono mwepesi wa faini, na chumba kizima kitacheka.

Lakini mimi nisingeanza na mahakama, na si kwa sababu ya mama mkwe. Ni kwa sababu ya kitu ambacho shemeji atakisema na kina ukweli: giaboksi yako ilikuwa ya mtumba kama gari lenyewe. Hukupoteza giaboksi mpya. Inawezekana kweli ilishaanza kuchoka, kwani mafuta kuwa meusi kama kahawa si dalili ya afya. Kwa hiyo ukidai kila kitu utakuwa unadai hata umri wa gari. Ningekaa nikadai hivi: elfu themanini yako irudi yote, kwa sababu hukupata ulichokilipia. 250,000 ya kuvutwa irudi yote. Kwenye giaboksi, kama sumaku zitasema imekufa, abebe theluthi mbili, yaani 1,200,000, wewe ubebe 600,000. Jumla yake inakuja 1,530,000. Hana, najua. Fundi wa chini ya mwembe anampa mwenye eneo hela ya siku, analipa vijana, kinachobaki hakifiki huko. Basi alipe kidogo kidogo, 150,000 kwa mwezi, miezi kumi na kitu. Kama duka kweli ndilo lililompa mafuta hayo baada ya yeye kuomba ya CVT, alete risiti, naye akawadai wao. Hiyo ni kesi yake na duka, usiruhusu ikuzungushe.

Na kama sumaku zitakuwa na tope laini tu? Hapo una bahati, ingawa nisikudanganye, gari lililokataa Kitonga kwa RPM elfu nne sina matumaini nalo sana. Fundi aweke mafuta sahihi, aendeshe kidogo, amwage tena, aweke tena, pengine mara tatu, kwa sababu ukifungua nati ya chini hayatoki yote. Mengine yanabaki ndani kwenye konveta, kile kipande kinachounganisha injini na giaboksi. Ni gharama, lakini ni chache kuliko 1,800,000, na hizo ndizo shemeji azilipe zote bila kugawana.

Ikibidi kununua ya mtumba, iwe Ilala au huko huko Iringa, nenda na namba ya chasisi, na namba ya giaboksi ya zamani, siyo jina la gari tu. Ichukue na konveta yake. Waulize wanakupa siku ngapi za kuijaribu, na waziandike kwenye risiti. Muuzaji anayesema "hii haina shida, chukua tu" huku hataki kuandika, mwache akae nayo. Afunge fundi wa Iringa au mwingine aliyeshika CVT kabla, mafuta ununue mwenyewe, kopo lifunguliwe mbele yako.

Sasa mama mkwe. Nimemsoma mara mbili na nadhani unamkosea. Hakusema shemeji asilipe. Alisema usivunje ukoo. Basi mpe kazi. Mwendee, usimpigie simu, nenda na mkeo, kaeni, umwambie: "Mama, sitamfunga mtoto wa dada yako na sitamtangaza. Naomba karatasi tu, na naomba wewe uwe shahidi." Umwonyeshe picha za sumaku. Hatazielewa, zinatosha kumtisha. Makubaliano yaandikwe: kiasi, tarehe ya kila mwezi, sahihi za wote wawili, shahidi wako na shahidi wake, na mkayapitishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa apige mhuri. Shemeji akichelewesha mwezi wa tatu, anayeona aibu hatakuwa wewe, atakuwa mama mkwe aliyeweka sahihi, na nakuhakikishia hutapiga simu wewe. Akikataa kabisa kuandika, hapo ndipo utachukua bahasha yako yenye chupa, galoni, picha, karatasi ya fundi na M-Pesa, uende Mahakama ya Mwanzo bila matusi, na ukoo utakuwa umeshuhudia kwamba ulianza kwa mlango wa mbele.

Ugumu upo kwa mkeo. Hujaniambia yeye anasemaje, umesema "yuko katikati" kama vile ni nguzo ya umeme. Gari analitumia kila alfajiri, na sasa mzigo wake anaupakia bodaboda. Muulize anataka nini, halafu nyamaza mpaka amalize.

Na betri. Usianze kwa kumwita mtu mwizi. Siku ya kikao, kabla ya karatasi kuandikwa, mpelekee shemeji ile betri chovu aliyokupa na umwambie unarudisha ya watu, unaomba yako. Kisha apite mkeo, taratibu, kwenye magari yaliyopaki chini ya miembe, akifungua boneti za wenye kukubali kufunguliwa, akitafuta rangi ya kucha. Yeye ndiye aliyeipaka, ataijua hata ikiwa imechubuka. Ikionekana kwenye gari la shemeji mwenyewe, ongeza bei ya betri uliyonunua kwenye 1,530,000, na ile ya polisi tuizungumze upya.

Shangazi